Siku Skelsea Ilipotoka Sare

Kibanda chetu hapa Skelsea kiko kwenye njia ya ufukweni, mkabala na Ukumbi wa Pavilioni. Ni paa la bati la kijani, nguzo sita za chuma na mabenchi mawili yaliyopeana mgongo, katikati pana kioo. Upepo ukitoka baharini tunakaa upande wa mji, ukitoka mjini tunakaa upande wa bahari. Ijumaa ile ya mwezi Mei ulitoka baharini, kwa hiyo tuliutazama ukumbi, na ndivyo tulivyotaka, maana humo ndani zilikuwa zikihesabiwa kura za uchaguzi mdogo wa jana yake. Mgombea wetu alikuwa Pauline Hebblewhite, anayetuuzia kahawa siku zote kwenye kidirisha chake pale kona. Akipata, halmashauri itakuwa na madiwani kumi na sita wanaotaka ukumbi ubaki, na kumi na tano wanaotaka uuzwe. Asipopata, hesabu inageuka na ukumbi unakuwa fleti. Kidirisha kilikuwa kimefungwa, hivyo kahawa ya siku hiyo ilitoka kwenye chupa ya Bi Nora, na ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo.

Bi Nora ana nyumba ya wageni mtaa wa nyuma. Tunamwita Mama Sheria, kwa sababu kwenye kila mlango wa nyumba yake kuna karatasi inayoanza na neno "Usi". Siku hiyo alishika mfuniko wa chupa kama hakimu ashikavyo nyundo.

— Kila mtu kikombe kimoja, kisha tunasubiri, alisema. Wewe Punda, ulishakunywa viwili.

Mzee Punda ni Stan Ogleby. Kwa miaka arobaini amewapandisha watoto wa watu punda ufukweni, kutoka kwenye gati mpaka kwenye ngazi na kurudi. Ana punda sita, na anawazungumzia kama wake wenza.

— Kimoja cha kwangu, kimoja cha wasiwasi, alijibu. Huu si uchaguzi mdogo, mama. Wanauita mdogo huko London kwa sababu wanaogopa. Skelsea ikipiga chafya, Uingereza nzima inatafuta leso.

— Hapo umesema, alisema Brashi.

Brashi jina lake ni Clifford Raine. Ni mwandishi wa mabango. Majina ya boti zote hapa, maduka yote ya samaki, hata yale maandishi makubwa PAVILIONI kwenye paji la ukumbi, ni mkono wake. Vidole vyake havijawahi kutakata rangi tangu nimjue.

— Mbona wanachelewa? niliuliza. Walianza saa tatu. Karatasi hazifiki hata elfu moja.

— Chuo kaanza, alisema Mzee Punda. 

Chuo ni mimi; wananiita hivyo kwa sababu nilikwenda kusoma chuo mbali, nikarudi.

— Tulia, binti. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana punda wangu Beryl hushinda mbio zote.

— Beryl hajawahi kushinda mbio, nilisema. Alitoka wa nne kati ya wanne, sikukuu ya Agosti mwaka juzi.

— Wa nne kwa heshima. Alikuwa anawapisha wageni.

Bi Nora alitikisa kichwa. Macho yake hayakutoka kwenye mlango wa ukumbi.

— Mnajua nani alilala nyumbani kwetu mwaka ule chama kilipofanya mkutano wake mkuu hapa? Waziri. Waziri mzima, na mkoba wake. Mama yangu alimpa chumba namba tatu, kile kinachovuja.

— Tunajua, tulisema wote.

— Hamjui. Saa nne asubuhi mama akamwambia, mheshimiwa, nje. Akasema, mama, mvua inanyesha. Mama akasema, sheria ya nyumba: wageni wote nje saa nne, kurudi saa kumi na moja jioni, uwe waziri uwe kinyozi. Akatoka! Akaja kukaa hapa hapa, kwenye benchi hili, saa saba mfululizo, analoa. Na alipokuwa analoa akawaona wazee wanatetemeka kwa baridi. Akatoa kalamu. Pensheni ya nchi hii yote, wapenzi, imetoka kwenye benchi hili.

Nilijaribu kunyamaza. Nilishindwa.

— Bi Nora, pensheni ilianza kulipwa mwaka 1909. Mama yako alikuwa hajazaliwa.

— Basi ilikuwa ya bibi. Nyumba ni ile ile, karatasi za mlangoni ni zile zile. Na chini ya kitanda cha huyo waziri mama alikuta birika ya umeme, wakati sheria inakataza. Si ndiyo maana wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame? Aliinama, akaikuta.

— Birika ya umeme, mwaka 1909, nilisema.

— Alikuwa waziri! Wenzetu hupata vitu mapema.

Brashi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kiatu. Aliifuta kwa kitambaa chenye rangi, na kiatu kikawa cha buluu kidogo.

— Nora, hilo ni dogo. Niwaambie la ukweli. Bunge lile la London, mnajua walilichora kutoka wapi? Tazameni hapa. Mabenchi mawili. Watu wa huku na watu wa kule, hawaonani, wanasikiana tu. Upepo ukibadilika, wote wanainuka na kuhamia upande wa pili, tena wanasema tangu mwanzo walikuwa huko. Hilo si Bunge ni nini? Walikuja likizo, wakaona, wakaenda kuiga. Ila kwa ujinga wao wakayageuza mabenchi yatazamane, ndiyo maana wanapiga kelele.

— Bunge lilikuwepo karne nyingi kabla ya hiki kibanda, nilisema. Kibanda ni cha mwaka 1911. Mwaka wenyewe uko pale kwenye nguzo.

— Umeandikwa kwa brashi?

— Umechongwa kwenye chuma.

— Basi siutambui.

— Hata hivyo, alidakia Mzee Punda, mnazunguka tu. Anayeamua waziri mkuu wa nchi hii ni Beryl. Kila mwenye kuutaka ukubwa lazima aje hapa, akunje suruali, ashike aiskrimu kama hajawahi kuiona, apigwe picha. Kisha anataka kupanda punda ili wanyonge wampende. Beryl akikubali, huyo anatawala. Akikataa, safari imeisha. Yule mrefu wa mwaka ule, mnamkumbuka? Beryl alikaa kitako mchangani. Hakusikika tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na punda ana manne, kwa hiyo anawasikia wakuu wanne kwa mpigo.

— We mzee unatupiga kamba mchana kweupe, alisema Bi Nora.

— Nipige kamba nina faida gani? Waulize London kwa nini hawaji siku hizi. Wamejenga kumbi za vioo huko mijini, wanafanyia mikutano mahali ambapo hakuna punda wa kuwakataa. Na tangu hapo nchi imeharibika. Hesabuni wenyewe.

Nilihesabu kichwani, na lililonisumbua ni kwamba miaka ilikaribia kulingana. Sikumwambia.

Wakati huo mlango wa ukumbi ulifunguka, Pauline akatoka peke yake. Alivaa koti la rangi ya maji ya bahari aliloazima kwa dada yake, mikono ya koti ikimzidi kidogo, na ua la utepe mweupe la mgombea kifuani. Alivuka barabara bila kutazama magari. Tulisimama wote.

— Nipeni kahawa, alisema.

— Umepata? aliuliza Bi Nora.

— Kahawa kwanza.

Bi Nora alimimina. Pauline alikunywa, akakunja uso.

— Nora, hii kahawa umeichemsha na nini?

— Pauline Hebblewhite, umepata au umekosa?

— Sare.

— Sare ya nini?

— Mia nne kumi na mbili mimi, mia nne kumi na mbili yeye. Wamehesabu mara tatu. Mara ya pili nilizidi kwa moja, nikadhani nazimia. Kumbe karatasi mbili ziligandana.

Nilikaa chini. Nilianza kujiuliza kama alama yangu ilikaa ndani ya mraba au iligusa mstari. Jana yake, kwenye ukumbi wa kanisa tulikopigia kura, niliirudia kuitazama mara nne, na mama aliyegawa karatasi mezani alinikoholea. Nilikuwa nimejiambia kwamba nne zinatosha.

— Kuna kura moja imetupwa, alisema Pauline, na sasa sauti yake ilibadilika. Moja tu, kata nzima. Isingetupwa, tusingekuwa sare.

— Imetupwa kwa nini? aliuliza Mzee Punda.

— Siruhusiwi kusema ilikuwa ya upande gani. Wala ya nani. Nimeapishwa.

— Hatukuulizi ya nani. Tunauliza kwa nini.

— Mpiga kura ametia sahihi.

Shakwe mmoja alitua juu ya bati, tukamsikia akitembea. Kisha, bila kupanga, Mzee Punda, Bi Nora na mimi tukageuka. Brashi alikuwa anatazama vidole vyake.

— Ilikuwa sahihi nzuri? aliuliza taratibu.

Pauline alimgeukia.

— Nzuri sana, alisema. Kila herufi imetiwa kivuli. Msimamizi wa uchaguzi ameishika kwenye mwanga, akasema miaka ishirini na sita ya kazi hajaona herufi safi kama zile. Kisha akagonga muhuri wa kuikataa.

— Clifford! alipiga kelele Bi Nora. Clifford Raine, mlevi wa rangi we! Ukutani pana karatasi ya maneno, makubwa kama wewe: weka alama, usiandike kitu kingine! Nyumbani kwangu ungelala nje!

— Sikuona ubaya, alisema Brashi. Tangu mwaka sabini na moja sijatoa kazi isiyo na jina langu chini. Boti, duka, kaburi la mbwa wa daktari, zote. Nikaona, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizopewa na mji huu. Niiache bila jina, kama barua ya mtu mwoga anayechongea jirani?

— Kura ni siri, nilisema. Sheria inasema ikijulikana ni ya nani, haihesabiwi. Iliwekwa ili mwenye nyumba asimtishe mpangaji, na tajiri asimtishe mfanyakazi wake.

— Mimi nani anitishe? Mimi nimeandika majina ya nyumba zao.

Mzee Punda alikuwa amekaa akishika mbavu, na sikujua analia au anacheka. Pauline aliweka kikombe kwenye benchi.

— Cliff. Miaka kumi na minane nakutilia vijiko vitatu vya sukari. Nilipoiona karatasi ile nilitaka kuja hapa nikuvunje shingo. Nimevuka barabara kwa nia hiyo.

— Una haki, alisema Brashi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

— Nyamaza nimalize. Halafu nimefika katikati ya barabara nikawaza: mle ndani kuna karatasi mia nane na ishirini na tano, na mtu mmoja tu ndiye aliyeona fahari kiasi cha kutaka mji wote ujue alisimama wapi. Mjinga, lakini wa kwetu. Sasa sina nguvu ya kukuvunja kitu.

— Sasa inakuwaje? aliuliza Bi Nora. Mnarudia?

— Bahati nasibu, nilisema mimi. Kura zikilingana, msimamizi anaamua kwa bahati hapo hapo. Ndiyo sheria. Wengine hukata karata, wengine huvuta vijiti.

— Sisi ni ndoo, alisema Pauline. Walitafuta kofia ya kutilia majina, hakuna mtu hata mmoja mle ndani mwenye kofia. Si unajua upepo wetu umezimaliza. Wamekwenda kwenye sanduku la vitu vilivyopotea, wamepata ndoo ya mtoto ya kuchezea mchanga. Nyekundu. Majina mawili, bahasha mbili zinazofanana, ndani ya ndoo. Wamenipa dakika kumi nipate hewa.

Nilitazama saa. Zilibaki sita.

— Jambo kubwa namna hii, alinong'ona Bi Nora, kwenye ndoo ya mchanga!

— Ulitaka nini, sanduku la dhahabu? alisema Mzee Punda. Mji wetu umejengwa kwa ndoo hizo. Ndoo na sepetu. Kamba hukatikia pembamba, na bahati hukaa penye mchanga.

Pauline aligeuka kuutazama ukumbi. Rangi ya krimu ilikuwa imebanduka upande wa bahari, na herufi za Brashi bado zilisimama pale juu, nyekundu, zimefifia kidogo.

— Mwajua kinachonitia hofu? alisema. Si kushindwa na yule bwana. Ni mtu mzuri, na mama yake nampa chai bure. Ni kwamba mama yangu alinitoa nyumbani mgongoni usiku wa mafuriko akanilaza mle, juu ya jukwaa, nyuma ya pazia. Watu mia tatu tulilala. Asubuhi mwenyekiti wa mji akasimama pale pale akauliza, tujenge ukuta au tuhame? Watu wakanyoosha mikono wamevaa nguo za kulalia. Ukuta huo wa bahari unaowakinga kila siku umeamuliwa na watu wenye nguo za kulalia. Tumechangia damu mle. Tumewazomea mawaziri mle, na wengine walistahili. Kila kitu ambacho mji huu umewahi kukiamua, umekiamulia mle ndani. Sasa wanataka mtu ajipikie mayai pale.

Hata mimi sikuwa na la kusahihisha.

— Nenda, dada, alisema Brashi. Nenda, nisamehe, nenda.

Alirekebisha ua la utepe, akavuka. Safari hii alitazama magari.

Tulibaki tumesimama. Bi Nora alianza kusali, akakatiza kunionya nisiung'ate mfuniko wa kikombe chake. Mzee Punda alisema kama Beryl angekuwepo angeunusa mlango akatwambia. Brashi alikuwa anapitisha kidole hewani, taratibu, na niliona anaandika herufi, ila sikuweza kuzisoma. Dakika sita zikapita, kisha saba, kisha tisa. Nilisema labda bahasha zimegandana. Bi Nora akaniambia nikisema neno gandana tena atanitoa nje ya kibanda.

Halafu tulisikia kelele. Si nyingi, kwa maana mle ndani hawakuwa wengi, lakini kwenye ukumbi ule sauti hukua. Mlango ukafunguka kwa teke, na Pauline akasimama juu ya ngazi, ndoo nyekundu imening'inia mkononi mwake kama mkoba wa kwenda sokoni.

— Jina langu! alipiga kelele. Jina langu limetoka!

Mzee Punda alimkumbatia Bi Nora, jambo ambalo hajawahi kuruhusiwa. Brashi alikaa chini, akafunika uso kwa kile kitambaa cha rangi, na alipokiondoa paji lake lilikuwa la buluu. Mimi nilikuwa narukaruka, na nasema kwa sauti namba kumi na sita kwa kumi na tano, kumi na sita kwa kumi na tano.

— Nilisema! alipaza Mzee Punda Pauline alipotufikia. Leo Skelsea imeiokoa Uingereza. Kesho London watapiga simu kuuliza tumefanyaje.

— Watarudi na mikutano yao, alisema Bi Nora. Nitaandaa chumba namba tatu. Saa nne nje!

— Ukumbi kama ule hakuna nchi hii, alisema Brashi. Ulaya yote hakuna. Sauti yake, dari yake! Huwezi kuuona ule ukumbi ukabaki mtu yule yule.

— Watu watakuja toka pembe zote, alisema Mzee Punda. Penye miti hapana wajenzi, lakini sisi tunavyo vyote viwili.

Hapo mtu alizunguka kutoka upande wa pili wa kioo. Alikuwa mgeni, tuliona mara moja, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa bahari siku ya upepo wa bahari. Nywele zake zilisimama wima, na chipsi zake zilikuwa na mchanga mwingi kuliko siki.

— Samahanini, alisema. Nimewasikia, sikukusudia. Hongera sana, mama.

— Asante, mwanangu, alisema Pauline.

— Mimi na mke wangu tumekuja kwa siku mbili, kutoka Nottingham. Hatujui cha kufanya jioni. Kwa mlivyousifu ukumbi huo, nadhani tuingie. Wenyeji ndio wanaojua. Alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu, chipsi mkononi. Mara ya mwisho mlipoingia, mliona nini?

Brashi alitazama herufi zake kule juu, za nje. Bi Nora alifungua chupa akachungulia ndani, na kahawa ilikuwa imekwisha. Mzee Punda alifungua kinywa kutafuta methali, akakifunga. Mimi nilihesabu nyuma mwaka baada ya mwaka, nikafika kwenye tamthilia ya shule ya msingi, ambamo nilicheza kama kaa wa baharini, nikaacha kuhesabu.

Yule bwana alisubiri. Nikamgeukia Pauline anisaidie, na nikaona ndoo imetulia mkononi mwake, na macho yake yako kwetu. Naye alikuwa anasubiri jibu.